"Bila Kuchoma": Historia ya Kipimo cha Sukari na Tatizo la Istilahi

Mgonjwa wa kisukari aliyezoea kuchoma kidole mara kadhaa kwa siku akisoma kwamba kimepatikana chombo cha kupima sukari "bila kuchoma", hapana ajabu akifurahi. Lakini maneno hayo yaweza kutaja vitu viwili vilivyo mbali sana. Mfasiri asipovitenganisha, mgonjwa aweza kukisia kiasi cha insulini kwa kufuata chombo kisichoaminika. Kabla ya kupendekeza istilahi, yafaa tutazame historia ya vipimo vyenyewe.

Vipimo vya awali havikuhitaji sindano. Mwaka 1674 tabibu Mwingereza, Thomas Willis, aliandika kwamba mkojo wa wagonjwa hawa una utamu kama wa asali. Mwaka 1776 Matthew Dobson alithibitisha kwamba utamu huo ni wa sukari, na kwamba imo hata katika damu. Katika karne ya 20 vilitolewa vidonge vya Clinitest (1941), kisha vijikaratasi vya Clinistix (1956) vilivyochovywa katika mkojo na kubadilika rangi. Hapakuwa na maumivu. Ila mkojo kwa kawaida hauonyeshi sukari mpaka kiwango cha damu kipite takriban milimoli 10 kwa lita. Tena haumwonyi mgonjwa ambaye sukari yake imeshuka mno, naye huyo aweza kuzimia ghafla.

Ndiyo sababu kidole kikaanza kuchomwa. Katikati ya miaka ya 1960 kilitokea kijikaratasi cha Dextrostix, kilichopokea tone la damu. Na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikapatikana mashine ya Ames ya kuisoma rangi yake, yenye uzito wa kama kilo moja. Maumivu, basi, yalikuwa gharama ya kupata ukweli.

Njia ya kuyapunguza ilikuwa imekwisha kufunguliwa mwaka 1962, Leland Clark na Champ Lyons walipoeleza elektrodi yenye kimeng'enya kinachotambua glukosi. Kutokana na wazo hilo vilizaliwa vihisio vya kuvaliwa mwilini. Cha kwanza kiliidhinishwa Marekani mwaka 1999. Na mwaka 2014 FreeStyle Libre iliingia katika soko la Ulaya. Hiki huvaliwa mkononi, juu ya kiwiko, kwa muda wa siku 14. Hapa pana mambo mawili ya kuzingatiwa. Kwanza, ngozi hutobolewa, kwani uzi mwembamba hukaa chini yake. Pili, kinachopimwa si damu bali ni majimaji yaliyo kati ya chembe hai, ambamo mabadiliko ya sukari huchelewa kwa dakika kadhaa. Kwa hiyo mgonjwa akijisikia vibaya huku chombo kikionyesha kwamba ni mzima, bado hushauriwa achome kidole.

Kupima bila kutoboa ngozi kabisa ni jambo jingine. Saa iitwayo GlucoWatch, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, ilivuta majimaji kupitia ngozi kwa umeme mdogo. Iliwasha ngozi, na ilibidi isahihishwe kwa damu ya kidole. Baadaye iliondolewa sokoni. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitahadharisha kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi.

Kutokana na historia hiyo twapendekeza istilahi tatu: "kipimo cha kidole" kwa tone la damu; "kipimo cha chini ya ngozi" kwa kihisio chenye uzi; na "kipimo cha juu ya ngozi" kwa chombo kisichotoboa. Kile cha pili chaweza kuelezwa kuwa ni cha "bila kuchoma kidole", na cha tatu tu ndicho cha "bila kutoboa ngozi". "Sukari ya damu" itumike pale damu inapopimwa. Kwingineko isemwe "sukari ya majimaji ya mwili".

Fungu la maneno "bila kuchoma" lisiachwe peke yake katika maelezo ya dawa, vitabu vya shule wala nyaraka za zabuni. Daima litajwe kisichochomwa. Neno hilo moja la ziada halimchoshi msomaji, nalo laweza kumwokoa mgonjwa.