Meya Kutoka Ujiji

Mwaka 1960 manispaa ya Dar es Salaam ilimpata meya wake wa kwanza Mwafrika, naye hakuwa mtu wa Pwani. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924, kandokando ya Ziwa Tanganyika, safari ya zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka kwenye mji aliokuja kuuongoza. Wengi humkumbuka kama mshairi, wachache kama waziri. Umeya hupitiwa harakaharaka, kana kwamba ulikuwa kituo kidogo cha njiani ambapo treni haikusimama.

Ujiji wenyewe unaeleza mengi. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika mwaka 1858 walikuta soko la pembe za ndovu, samaki, chumvi na watumwa. Wajiji walikuwa wenyeji, lakini mitaa ilijaa Wamanyema kutoka ng'ambo ya ziwa, Waswahili wa mrima na Waarabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Mwinyi Kheri, mfanyabiashara mkubwa wa hapo, alipandisha bendera ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Bendera ilikuwa ya Unguja, ila utawala wa kila siku ulitegemea maelewano na watemi wa eneo hilo. Katika mji wa namna hiyo, Kiswahili ndicho kilichowaunganisha watu wasio na babu mmoja. Wajerumani walipofikisha reli Kigoma mwaka 1914 biashara ilihamia bandarini, kilomita chache tu kaskazini, na Ujiji ukabaki na misikiti yake, miembe yake na lugha yake.

Kijana Amri alisoma katika shule ya serikali ya Tabora, kisha akavutwa na jumuiya ya Ahmadiyya. Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Waislamu walio wengi Afrika Mashariki waliipinga jumuiya hiyo vikali, na tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili iliyotoka mwaka 1953 ilizua mabishano yaliyodumu miaka mingi. Iliongozwa na Sheikh Mubarak Ahmad Ahmadi, na Amri alikuwa miongoni mwa wasaidizi wake. Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy wa Zanzibar alikuja kutoa tafsiri yake kamili mwaka 1969, na humo hakuwaacha Makadiani, yaani Waahmadiyya, bila kuwajibu.

Mwaka 1954 kilichapishwa kitabu cha Amri, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Miaka 20 baadaye, mshairi Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi yenye mashairi yasiyofuata vina, watetezi wa mapokeo walikishika kitabu cha Amri kama katiba. Kwa maoni yangu walikikaza kuliko ilivyostahili, maana Amri mwenyewe alikuwa mwalimu aliyetaka vijana wajue ufundi wa waliowatangulia.

Mtu wa aina hiyo ndiye aliyehitajiwa na TANU, chama kilichopigania uhuru. Mkutano wa chama uliofanyika Tabora Januari 1958 ulikubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wengi waliona ni mtego. TANU iliutegua kwa kushinda. Baada ya hapo zamu ya Waafrika kuongoza miji haikuweza kucheleweshwa tena. Dar es Salaam ilikuwa imepewa hadhi ya manispaa mwaka 1949, ikakua mpaka wakazi 128,742 katika sensa ya 1957, huku ikiwa imegawanyika: Uzunguni kwenye upepo wa bahari, Uhindini katikati, Waafrika Kariakoo na Ilala. Meya alipaswa kuongoza vikao vya madiwani waliotoka katika mitaa hiyo yote. Kwa mtoto wa Ujiji, kukaa meza moja na watu wa asili mbalimbali halikuwa jambo geni.

Desemba 1961, uhuru ulipopatikana, Dar es Salaam ilipanda kuwa jiji. Amri hakukaa sana katika siasa za mji. Mwaka 1963 alikuwa Waziri wa Sheria, kisha akapewa wizara ya maendeleo na utamaduni wa taifa. Alifariki Bonn, Ujerumani Magharibi, tarehe 9 Oktoba 1964, akiwa na umri wa miaka 40.

Kiti cha umeya alichokikalia nacho hakikuwa na maisha marefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ilifuta halmashauri za miji kwa jina la madaraka mikoani, na baada ya takataka kurundikana na huduma kuzorota ikaanza kuzirudisha mwaka 1978. Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa tena mwaka 1996, na mara nyingine mwaka 2021.

Kule Amri alikozaliwa, siasa za manispaa zimekuwa kali zaidi. Mwaka 2015 chama cha upinzani cha ACT-Wazalendo kilitwaa manispaa ya Kigoma Ujiji, Hussein Ruhava akawa meya. Mwaka uliofuata manispaa hiyo ilichaguliwa kuwa mojawapo ya serikali 15 za ngazi ya chini duniani, pamoja na Paris, Madrid na Seoul, kujaribu mpango wa kimataifa wa uwazi serikalini. Mwaka 2017 Tanzania ilijitoa katika mpango huo, na baraza la madiwani halikuwa na uwezo wa kubaki peke yake. Uchaguzi wa 2020 uliirudisha manispaa mikononi mwa chama tawala, CCM. Na uwanja mkubwa unaobeba jina la Sheikh Amri Abedi uko Arusha, mji ambao hakuzaliwa humo wala hakuuongoza.