Jack Dangermond na ramani za kompyuta zilizofika Gombe

Jack Dangermond alizaliwa mwaka 1945 mjini Redlands, California, kwa wazazi wahamiaji kutoka Uholanzi waliokuwa na kitalu cha miche. Alisomea usanifu wa mandhari, yaani fani ya kupanga nyumba, barabara, miti na mikondo ya maji vikae wapi, kisha akasoma mipango miji katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Mwaka 1969 alihitimu shahada ya uzamili Harvard, ambako Howard Fisher alikuwa ameanzisha maabara ya michoro ya kompyuta miaka minne kabla. Programu ya maabara hiyo, SYMAP, ilichora ramani kwa kupiga chapa herufi na alama: zikibanana, mahali panakuwa peusi, zikipungua, panabaki peupe. Kwa macho ya leo ramani hizo hazivutii hata kidogo. Lakini ziliwezesha mtu kubadilisha takwimu na kupata ramani mpya bila kushika tena kalamu.

Mwaka huohuo Dangermond na mkewe Laura walirudi Redlands, wakaanzisha Esri kwa akiba yao. Kwa zaidi ya miaka 10 kampuni iliishi kwa kuuza ushauri wa matumizi ya ardhi. Mwaka 1982 ikatoa Arc/Info, programu iliyosanifiwa chini ya Scott Morehouse, aliyetoka maabara ileile ya Harvard. Ndani yake kila mto, shamba au mpaka ulichorwa ukiwa na jedwali lake la taarifa, hivyo ramani iliweza kuulizwa maswali. Wazo lenyewe halikuwa la Dangermond, kwani Roger Tomlinson alilitangulia nchini Kanada katika miaka ya 1960. Alichofanya Dangermond ni kuligeuza kuwa bidhaa ambayo idara ya serikali au chuo kiliweza kununua, na kuilinda kampuni isiuzwe kwenye soko la hisa. Baadaye alipigia debe jiodizaini: kusanifu matumizi ya ardhi juu ya ramani ya kompyuta huku athari za kila uamuzi zikipimwa papo hapo.

Mahali ambapo wazo hilo lilipata mtihani wa kweli ni mwambao wa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa mji wa Kigoma. Jane Goodall alipofika Gombe Julai 1960 kuchunguza sokwe, misitu ilivuka mipaka ya eneo lililohifadhiwa, ambalo mwaka 1968 lilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilima vya nje vilikuwa vimevuliwa nguo. Mashamba ya mihogo na michikichi yalipanda miteremko mikali, kuni na mkaa vilihitajika, na wakimbizi kutoka Burundi na Kongo waliongeza idadi ya midomo. Mvua zikinyesha, udongo ulishuka ziwani. Taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa Tacare mwaka 1994, ukianza na vitalu vya miche, kisha maji, afya na mikopo midogo ya wanawake.

Mwaka 2000 Lilian Pintea, mtaalamu kutoka Moldova aliyesoma Minnesota kama Dangermond, alilinganisha picha za setilaiti za mwaka 1972 na 1999. Ndani ya hifadhi miti ilikuwepo. Nje ya mpaka wake ilikuwa imefyekwa. Zikafuata picha za setilaiti ya IKONOS zinazoonyesha kitu cha ukubwa wa mita moja. Zilipochapwa kwenye karatasi kubwa na kupelekwa vijijini, wanakijiji hawakuhitaji mkalimani: walitambua vijia, vijito, mapaa ya nyumba na miti mikubwa wanayoifahamu, wakaonyesha ni wapi pa kulima na wapi pa kuacha. Hapo mtaalamu ndiye aliyekaa kujifunza, jambo lisilo la kawaida katika miradi ya uhifadhi.

Picha pekee zisingetosha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu wa kijiji ndio unaopitisha mpango wa matumizi. Kufikia mwaka 2009 vijiji 13 vilikuwa na mipango yao, na kwa hiari vilitenga hekta 9,690 kuwa misitu ya hifadhi ya vijiji. Ramani ziliunganishwa kwa programu za Esri ili msitu wa kijiji kimoja ugusane na wa jirani, sokwe wapate njia. Mwaka 2022 Esri ilichapisha kitabu kizima kuhusu Tacare.

Walinzi wa misitu waliochaguliwa na vijiji walipewa simu za Android za kurekodi miti iliyokatwa, mitego na viota vya sokwe. Programu waliyoanza nayo, Open Data Kit, haikuwa ya Esri, nayo ilikuwa ya bure. Hapa ndipo ukomo wa nguvu za Dangermond unapoonekana. Leseni zake ni ghali kwa halmashauri ya wilaya isiyo na mfadhili, na QGIS, programu ya ramani isiyolipiwa, imechukua nafasi kubwa. Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani jijini Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2015, uliegemea zana hizo za bure.

Mwaka 2017 Jack na Laura waliipa taasisi ya The Nature Conservancy dola milioni 165 kununua ardhi ya pwani ya California. Taasisi hiyohiyo inaendesha mradi wa Tuungane katika vijiji vya Mahale, kusini mwa Kigoma, ambako mipango ya ardhi huenda pamoja na uvuvi na uzazi wa mpango. Huko na Gombe kazi haijaisha: mkoa wa Kigoma ulikuwa na watu 2,127,930 katika sensa ya mwaka 2012 na 2,470,967 miaka 10 baadaye, na mipango iliyopitishwa kwa idadi ya zamani inalazimika kurudi mezani.