Beji Kabla ya Sare: Hoja Juu ya Ukusanyaji wa Athari za Ulinzi wa Raia Uingereza

Aghalabu wakusanyaji wa athari za ulinzi wa raia wa Uingereza, zile za Vita vya Pili vya Dunia, huipa hadhi ya kwanza sare iliyotimia: koti fupi la sufi la bluu iliyokoza, taji na herufi CD (Civil Defence, yaani ulinzi wa raia) kifuani, na kofia ya chuma juu yake, ilhali beji ndogo ya fedha yenye herufi ARP (Air Raid Precautions, yaani tahadhari dhidi ya mashambulizi ya ndege) huwekwa pembezoni kana kwamba ni nyongeza tu. Nia yangu ni kudai kwamba daraja hiyo imepinduliwa, na kwamba mwenye kutaka kuifahamu kazi ya watu wale sharti aanze na beji.

Tuzitazame tarehe. Ndege za Ujerumani zilianza kuupiga mji wa London usiku baada ya usiku tangu tarehe 7 Septemba 1940, na mashambulizi hayo makubwa, yaliyoenea katika miji mingi, yakaendelea mpaka Mei 1941, yakiua raia zaidi ya 40,000. Sare ya sufi ilianza kugawiwa mwaka 1941, na wengi waliipokea baada ya mitaa yao kwisha kuungua. Walinzi wa mitaa waliohakikisha kwamba hakuna mwanga unaotoka madirishani, wakawaongoza majirani mahandakini na kupeleka habari ya kila bomu lililoanguka, wengi wao wakiwa watu wa kujitolea waliokwisha kufanya kazi zao za mchana, walivaa nguo zao wenyewe au ovaroli ya pamba isiyozuia baridi, pamoja na kitambaa cha mkononi, kofia ya chuma yenye herufi W (warden, yaani mlinzi), na beji. Basi sanamu iliyovikwa sufi na kusimamishwa mbele ya picha ya London ya 1940 hutoa ushahidi wa uongo, hata kama kila uzi wake ni wa asili.

Beji yenyewe ilibuniwa na Eric Gill, mchongaji na mbuni mashuhuri wa herufi, ikatengenezwa na kiwanda cha sarafu cha Ufalme kuanzia 1936, yaani miaka mitatu kabla ya vita kutangazwa. Ya wanaume ilipachikwa katika tundu la kifungo, na ya wanawake ilikuwa na pini, jambo linalothibitisha kwamba wanawake walihesabiwa tangu mwanzo. Nayo hubeba mihuri ya fedha: herufi A kwa 1936, B kwa 1937, C kwa 1938, D kwa 1939, hadi vita vilipopamba moto fedha ikaachwa na madini duni yakashika nafasi yake. Ni kweli kwamba herufi hutaja mwaka wa kutiwa muhuri, si siku aliyokabidhiwa mwenyewe. Hata hivyo ni ushahidi adhimu, kwani ndani ya kipande kidogo cha fedha mna khofu ya taifa zima kabla bomu la kwanza halijaanguka.

Atasema mwenye kupinga kwamba sare ina habari nyingi zaidi. Nakubali. Alama zilizoshonwa juu yake hutaja kazi na mji, na alama nyekundu za V huhesabu miaka ya utumishi. Lakini koti lenye V nne hukiri lenyewe kwamba ni la mwishoni mwa vita.

Fauka ya hayo, sare hupendelea wenye mali. Katika jumuiya ya wanawake wa kujitolea, WVS, iliyoanzishwa na Lady Reading mwaka 1938, mwanachama alilazimika kujinunulia vazi la kijani kwa fedha zake, hivyo asiyekuwa na uwezo alihudumu kwa beji tu juu ya nguo zake za kila siku. Mwenye kukusanya mavazi peke yake humfuta mwanamke huyo katika tarikhi, bila ya kukusudia.

Kwa hiyo nalaumu sana desturi ya kukamilisha: kushona alama zilizotoka kwingine juu ya koti tupu, kung'arisha fedha mpaka mihuri ifutike, kutenga beji na kadi au barua iliyotaja jina na mtaa wa mwenyewe ili kila kimoja kiuzwe peke yake. Pengo lililo kwenye koti lina haki ya kubaki pengo, na beji na kitambaa cha mkononi kilichotiwa kiraka viwekwe mbele pamoja na karatasi zake, sufi iliyotimia ifuate nyuma, ikiandikwa mwaka wake.