Ua Lisilo na Udongo

Msomaji, hebu fikiri nchi yako imetekwa, na kalamu ndiyo silaha pekee uliyo nayo. Utaandika nini?

Mwaka 1279, katika vita vya majini vya Yamen, kusini mwa China, waziri Lu Xiufu aliona mambo yamekwisha. Akambeba mgongoni mfalme wake, mtoto wa miaka saba tu, akajitosa naye baharini. Utawala wa Song ukafia hapo, na Wamongolia wa Kublai Khan wakaitwaa nchi nzima.

Katika mji wa Suzhou aliishi msomi mmoja aliyezaliwa mwaka 1241. Alijibadili jina, akajiita Sixiao, yaani “kumwaza Xiao”. Wenye akili walielewa: Xiao ni kipande cha herufi ya Zhao, na Zhao ndilo jina la ukoo wa wafalme wa Song. Huyo ndiye Zheng Sixiao.

Kazi yake ilikuwa kuchora okidi kwa wino mweusi. Wino huo hutengenezwa kwa masizi na gundi, ukakaushwa, kisha ukasagwa juu ya jiwe kwa maji kidogo. Karatasi huunywa mara moja. Ukikosea, basi, umekosea, hakuna kufuta. Wachina waliifananisha okidi na mtu mwadilifu, kwa kuwa hunukia bondeni hata pasipo mtu wa kuinusa.

Mchoro wake wa mwaka 1306 ungalipo hadi leo, katika jumba la makumbusho la Osaka, Japani. Ni mdogo, upana wake kama sentimita 42 hivi. Una majani machache na ua. Chini yake hamna kitu: hamna udongo wala mizizi. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa udongo uko wapi, alijibu kuwa wageni wameuiba.

Lakini tusiharakishe kupiga makofi. Zhao Mengfu, mchoraji hodari, naye mzawa wa ukoo uleule wa kifalme, alikubali kumtumikia Kublai mwaka 1286. Inasemekana alipokwenda kumwamkia Zheng, alifungiwa mlango. Zhao alipata cheo, lakini pia aliwafunza wengi na kuiendeleza sanaa ya China. Nani alikuwa sahihi? Mimi moyo wangu uko kwa Zheng, ila tumbo langu, nakiri, linamwelewa Zhao.

Zheng alifariki mwaka 1318. Wamongolia walitimuliwa mwaka 1368, miaka hamsini baadaye. Hakuiona siku hiyo.

Sisi tunaohangaika na daftari zetu usiku, tukidhani hadithi ya uchungu ni lazima ijae machozi na makelele, tuitazame okidi ile. Zheng hakumchora Mmongolia hata mmoja. Aliacha tu kuchora udongo, na kila aliyetazama akajua kilichoibiwa.