Diski mbili za bei nafuu: historia inatufundisha nini juu ya kulinda mafaili ya familia

Goma – Tarehe 17 Januari 2002, lava ya volkano Nyiragongo ilipita katikati ya mji wetu. Waliopoteza nyumba walipoteza pia hati za kiwanja, vyeti vya shule na picha za ndoa. Leo karatasi nyingi za namna hiyo zimekuwa mafaili, na kompyuta ya mezani iliyotumika inaweza kuwa seva ya kuyahifadhi nyumbani. Swali ni hili: makuta kidogo tuliyo nayo tuyaweke kwenye memori au kwenye diski?

Tuanze na diski. Diski ngumu ya kwanza kuuzwa ilitoka kwa IBM, Marekani, mwaka 1956, pamoja na mashini iliyoitwa RAMAC. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa karibu sentimita 61, lakini ilibeba herufi milioni 5 tu. Picha moja au mbili za simu ya leo zinatosha kuijaza.

Kwa miaka mingi, ofisi kubwa ziliendelea kutegemea diski kubwa na ghali. Mwaka 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha njia nyingine: kuunganisha diski nyingi ndogo za bei nafuu. Waliona pia hatari yake, maana diski zikiwa nyingi, nafasi ya moja kufa inaongezeka. Kwa hiyo data lazima iwe na akiba. Mpango huo uliitwa RAID. Ngazi yake ya kwanza ni rahisi: diski mbili, kila faili linaandikwa kwa zote mbili. Moja ikifa, nyingine inaendelea.

Memori ina historia tofauti. Mwaka 1968, Robert Dennard wa IBM alipata hataza ya memori ya DRAM, ambayo inaweka kila biti kama chaji ndogo ya umeme. Chaji hiyo inavuja, inaomba kujazwa upya kila mara. Ni kusema, umeme ukikatika, kila kitu kilichokuwa ndani kinapotea. Memori ni meza ya kazi. Diski ndiyo kabati. Seva ya nyumbani inayotoa picha na hati kwa watu wachache haihitaji meza kubwa: kwa Linux ya kawaida, gigabaiti 4 zinatosha. Ukichagua ZFS, mfumo uliozaliwa Sun Microsystems na unaokagua kama data imeharibika, anza na gigabaiti 8.

Kwenye diski kuna mtego. Ili kuongeza nafasi, watengenezaji walibuni SMR, ambamo mistari ya data inalaliana kama mabati ya paa. Kubadilisha mstari mmoja kunalazimu kuandika upya na ile ya jirani, hivyo kazi inakwenda polepole. Mwaka 2020, Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red, zilizouzwa kwa ajili ya seva ndogo, zilikuwa za SMR. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji namba kamili ya modeli, kisha tafuta kama ni CMR.

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka tena, na siku chache baadaye maelfu ya wakaaji walikimbilia Sake, Bukavu na Rwanda. Diski mbili ndani ya nyumba moja zinaungua pamoja. RAID inakulinda diski ikifa. Haikulindi dhidi ya moto, mwizi, wala mtoto aliyefuta faili.

Basi, mpangilio wa makuta ni huu: kwanza diski mbili za CMR, pili diski ya tatu ya kukaa kwa ndugu katika mji mwingine na kuletwa mara kwa mara ili kunakili mapya, tatu betri ya kuzima mashini vizuri umeme ukikatika. Memori ya ziada inaweza kungoja.