Poort Maana Yake Lango

Kwa wiki mbili nzima niliandika "Europoort" katika rasimu ya tasnifu yangu na kuitafsiri "Bandari ya Ulaya". Msimamizi wangu akalizungushia neno duara jekundu na kuuliza pembeni: "Umefungua kamusi?" Sikuwa nimefungua. Kiingereza na Kifaransa huita bandari port, nami nikadhani Kiholanzi nacho ni hivyo hivyo. Sivyo. Kwa Kiholanzi bandari ni haven. Poort ni lango.

Tangu siku hiyo ninaisoma historia ya Rotterdam kwa jicho jingine.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 mji huo, uliopigwa mabomu na Wajerumani Mei 1940, ulianza kujenga bandari mpya upande wa magharibi, karibu na bahari. Mkataba wa Roma wa 1957 ulikuwa umeanzisha Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya, na meli za mafuta zilikuwa zinazidi kuwa kubwa na kuhitaji kina kirefu. Jina Europoort lilikuwa ahadi: bara zima litapitia hapa. Ahadi ikatimia. Mwaka 1962 Rotterdam iliipiku New York kwa uzito wa shehena, ikawa bandari kubwa kuliko zote duniani hadi ilipopitwa mwaka 2004.

Lakini lango husifiwa kwa kinachopita, si kwa wanaokaa hapo. Mafuta na madini ya chuma yalipita kwenda viwanda vya Ujerumani kwa njia ya mto Rhine. Waliokuwa wakikaa ni watu wa Blankenburg, kijiji kidogo cha kisiwa cha Rozenburg. Kijiji kilibomolewa kupisha ujenzi. Hifadhi ya De Beer, iliyosifika kwa ndege wake, nayo ikaondoka.

Kipimo cha ukubwa nacho kilibadilika. Mwaka 1956 meli Ideal X ilitoka Newark kwenda Houston na makontena 58, na baada ya muda bandari zikaanza kulinganishwa kwa idadi ya makontena ya futi 20. Mwaka 1993, katika eneo la Maasvlakte hapo hapo Rotterdam, kituo kimoja kilianza kusafirisha makontena gatini kwa magari yasiyo na dereva. Zamani ukisema "bandari kubwa" ulimaanisha pia umati wa watu kazini. Leo bandari inaweza kukua huku watu wakipungua, na neno likabaki lile lile.

Hapo ndipo nilipomkumbuka babu yangu, aliyekuwa kuli Mombasa. Sisi hatukuiita bandari yetu kwa kilichopita. Kilindini ni mahali penye kilindi, maji ya kina; jina linaeleza bahari yenyewe. Siku hizi, hata hivyo, hotuba nyingi huiita "lango la Afrika Mashariki", kwa kuwa mizigo ya Uganda, Rwanda na Sudan Kusini hupitia hapo. Ni sifa ya kweli. Ila sasa kila nikiisikia ninajiuliza ni nani anayeachwa nje ya hesabu.

Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, makuli wakiwemo, na kazi bandarini ikasimama. Siku hizo ukubwa wa bandari ulionekana kwa mikono iliyokataa kubeba. Babu alianza kazi miaka kadhaa baadaye, akakuta wazee bado wanausimulia mgomo huo.

Likizo iliyopita nilimuuliza: enzi zenu, babu, bandari ilikuwa kubwa? Nilitarajia anitajie meli. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Genge letu lilikuwa la watu kumi na wanane, mjukuu wangu." Akaanza kuwataja mmoja mmoja kwa vidole, na alipofika wa kumi na nne akakwama, akakasirika na nafsi yake.

Nimeirekebisha tasnifu. Europoort sasa ni "Lango la Ulaya", na chini ya ukurasa nimeweka tanbihi ya mistari mitatu kuhusu Blankenburg. Msimamizi ameuliza kama ina ulazima. Nimemjibu kwamba ninayo sababu.