Ukurasa wa Nafsi na Mabadiliko ya Umbo Lake

Zamani mtu aliyetaka habari zake zisomwe na watu wasiomjua hakuweza kulitimiza jambo hilo peke yake. Tippu Tip alieleza maisha yake kwa Kiswahili, lakini yalifika kwenye chapa kwa mikono ya Mjerumani, Heinrich Brode. Na Shaaban Robert mwenyewe, alipoitoa Maisha Yangu mwaka 1949, hakuwa na budi kumpitia mchapishaji. Baina ya mwenye nafsi na msomaji palikuwa na mlinzi wa mlango. Mlinzi huyo aliondoka kwa muda katika miaka ya 1990, na habari za muda huo mfupi, pamoja na sura za ajabu ambazo watu walizipa kurasa zao, zastahili kuandikwa kabla hazijasahauliwa.

Mwaka 1989 Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyefanya kazi katika maabara ya CERN karibu na Geneva, alipendekeza njia ya kuyaunganisha maandishi yaliyotawanyika katika kompyuta mbalimbali. Ukurasa wa kwanza uliofuata pendekezo hilo, ambao watu wa nje waliarifiwa mwezi wa Agosti 1991, ulieleza kazi ile yenyewe. Haukuwa na picha wala pambo. Alama za HTML zilimruhusu mwandishi kusema tu kwamba hiki ni kichwa, hii ni aya, hiki ni kiungo cha kwendea kwingine. Aina ya herufi na upana wa mstari viliachiwa kompyuta ya msomaji. Mwandishi alimiliki maneno, walakini hakumiliki sura. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN iliutoa ufundi huo bure kwa watu wote, na tangu hapo ukaenea upesi.

Waliowahi ni wanafunzi wa vyuo vikuu. Kompyuta kuu za vyuo vingi ziliendeshwa kwa Unix, ambamo kila mtumiaji alikuwa na sehemu yake mwenyewe iliyoitwa nyumbani. Aliyetaka kuonekana aliweka maandishi yake katika sanduku lililotengwa humo, na anwani yake ikapewa alama ya wimbi, ~, mbele ya jina lake. Kwa watu hao ukurasa wa nyumbani ulikuwa wa nyumbani kweli kweli. Mwezi wa Januari 1994 Justin Hall, mwanafunzi wa Swarthmore College katika Marekani, alifungua ukurasa ambamo aliandika habari zake kwa uwazi uliowashtua wengi, hata za kifo cha baba yake. Wenziwe wengi walikuwa na haya zaidi. Waliandika jina, masomo, labda jina la paka, kisha ikafuata orodha ndefu ya viungo vya kurasa za watu wengine walizozipenda. Orodha hiyo haifai kudharauliwa: mtu alijitambulisha kwa kuwaonyesha wageni wake njia alizopita, kama afanyavyo mwenyeji.

Mapambo yalikuja kwa awamu. Programu ya Mosaic, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1993, iliingiza picha katikati ya maandishi. Netscape ya mwaka 1995 ikaruhusu rangi na picha nyuma ya maneno. Hapo mwenye ukurasa alitwaa mamlaka ya sura, akayatumia bila kiasi. Ziliandikwa herufi za manjano juu ya nyota za usiku. Maneno yaliwaka na kuzima. Muziki ulianza kulia kabla mgeni hajaombwa radhi. Palikuwa na kihesabio cha wageni, na kitabu cha wageni cha kutia salamu, na juu ya yote kile kibao cha mfanyakazi mwenye sepeto kilichotangaza kwamba ujenzi unaendelea. Wasanifu wa baadaye walikicheka sana kibao hicho. Hata hivyo kilisema kweli, kwa maana hapana aliyekuwa amekwisha kujieleza.

Kwa wasio wa vyuo, kiwanja kilipatikana GeoCities, kampuni iliyoanzishwa California mwaka 1994. Iligawa nafasi bure kwa mitaa: wapenda muziki walikaa SunsetStrip, wapenda hadithi za sayansi Area51, wenye kuandika habari za jamaa zao Heartland, na kila nyumba ilipewa namba. Wakazi wake hawakuwa wataalamu. Walijifunza kwa kufungua ukurasa wa jirani, kutazama alama zilizofichika chini yake, na kuzinakili. Huenda hakujawa na darasa kubwa kama lile lisilokuwa na mwalimu.

Wataalamu nao walikuwa na hila zao. David Siegel, katika kitabu chake cha mwaka 1996, alifundisha kupanga ukurasa kwa majedwali yasiyoonekana na kwa vipicha vya nukta moja vya kusukumia maneno mahali pake. Kurasa zikapendeza, lakini majedwali yaliyokusudiwa hesabu yakawa kuta, na kipofu aliyesomewa na mashine yake aliweza kusikia sentensi zimechanganyika. Mwaka 1997 Siegel mwenyewe aliandika kwamba wavuti imeharibika na kwamba yeye ndiye aliyeiharibu. Ungamo la namna hiyo ni adimu katika ufundi wowote. Dawa ilikuwa imekwisha pendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994: maneno yakae mahali pamoja, na amri za sura zikae mahali pengine. CSS, kama ilivyoitwa, ilithibitishwa Desemba 1996, ila programu za kuvinjari ziliitii kwa shingo upande kwa miaka kadhaa.

Badiliko lililofuata lilikuwa kubwa kuliko la rangi. Blogger ya mwaka 1999 ilimpa mtu kiolezo kilichokwisha pangwa, na ndani yake maandishi mapya yalikaa juu ya ya zamani. Faida yake ilikuwa dhahiri: aliyejua kuandika hakuhitaji tena kujua alama. Ni kwa njia hiyo Waswahili walipata magazeti tando, na Jikomboe ya Ndesanjo Macha ilikuwa miongoni mwa yale ya kwanza. Lakini tarehe ilichukua nafasi ya nafsi. Habari ya kwamba mwandishi ni nani, ambayo zamani ilikuwa ukurasa wote, ilisogezwa pembeni chini ya maneno mawili, «Kuhusu Mimi». Kisha ikaja Facebook mwaka 2004, nayo ikaimaliza kazi: mtu alijaza jina, shule na mji katika fomu moja kwa wote, na sura ikawa mali ya kampuni. Mlinzi wa mlango alikuwa amerudi, safari hii akiwa mwenye nyumba.

Simu zenye kioo kikubwa, baada ya mwaka 2007, ziliwarudisha wachache waliobaki na kurasa zao kwenye usahili. Ethan Marcotte alionyesha mwaka 2010 jinsi ukurasa mmoja uwezavyo kujipanga upya kwa kila upana wa kioo. Na kurasa nyingi za nafsi sasa zina safu moja, herufi nyeusi juu ya weupe, karibu sawasawa na ule wa CERN.

GeoCities haikuyaona hayo. Yahoo, iliyoinunua mwaka 1999 kwa hisa za thamani ya dola zaidi ya bilioni 3, iliifunga tarehe 26 Oktoba 2009, na mamilioni ya kurasa za watu wa kawaida zikawa hatarini kufutika. Hasara ya mwanahistoria ni nzito kwa sababu watu hao hawakuandika wasifu mahali pengine. Mama wa Heartland hakuwa na mchapishaji. Kundi la kujitolea liitwalo Archive Team lilinakili kadiri lilivyoweza kabla ya mlango kufungwa, likaitoa akiba hiyo kwa umma mwaka uliofuata, na Olia Lialina pamoja na Dragan Espenschied wamekuwa wakizirudishia kurasa hizo sura zake za awali, picha moja baada ya nyingine. Jason Scott wa kundi hilo alikusanya katika ukurasa mmoja mamia ya vibao vya ujenzi vilivyookolewa. Wafanyakazi wale wadogo wangali wakichimba humo, wote kwa pamoja, majina ya wenye viwanja yakiwa yamekwisha kutoka.